Mboga Inayoliwa Mlango Umefungwa

Durban, 16 Juni 2013

Yaya Marcelline,

Nakusalimu, dada yangu, kutoka huku ambako baridi imeingia mpaka kwenye sahani. Ukichelewa kula, mafuta yanaganda ukiyaangalia. Sisi hatujambo. Bado ninalinda geti la ghala kule Mobeni, mchana tu, namshukuru Mungu, na goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi. Mtoto wako Grâce ni mzima, kazi ya saluni inakwenda, na nadhani ameshakwambia kwa simu yale ambayo mimi mjomba natakiwa kujifanya siyajui mpaka wazee waje kubisha hodi. Kijana anaitwa Pacifique. Anatengeneza simu, anaongea polepole, na akila humsifu mpishi kabla ya kuomba kuongezewa. Kwao ni kwetu, Fizi. Ukoo wao unakaa Queensburgh.

Barua hii anaileta Anicet, yule mfanyabiashara anayekuja huko kununua dagaa. Najua watu wananicheka, mwaka huu wa simu, kumtwika mtu karatasi kutoka Durban hadi Lusaka, hadi Mpulungu, mpaka ashuke melini Kigoma. Lakini kwenye simu wewe husema "hatujambo" mara tatu kisha unakata. Kwenye karatasi angalau huniandikia hali ya mvua.

Huku ni msimu wa sardini. Wanakuja pwani kwa makundi, maji yanakuwa meusi kama yamemwagiwa wino, na watu wanaacha kazi. Nilimwona mama mmoja wa Kizulu amegeuza mwavuli wake na kuujaza samaki, mvua inamnyeshea, anacheka. Nimeandika hayo katika Jirani, kijarida cha parokia yetu kinachotoka kila msimu. Nakutumia nakala tatu. Ukurasa wa mwisho ni wangu, nimeuita "Chungu na Msimu". Unajua nilianza kupika baada ya mke wangu kufariki, na mwanaume aliyejifunza kupika uzeeni ana dhambi moja: anataka kila mtu ajue. Basi naandika. Sombe, lengalenga, mikeke, mapishi yote ya kwetu kusini mwa Kivu, pamoja na hadithi zake. Vijana wetu hapa wanajua kuku wa kukaanga wa dukani tu. Nikifa na hadithi hizi kichwani, zitazikwa na mtu asiyejulikana katika makaburi ya watu wengine.

Toleo la Septemba nataka niandike ile mboga ya mwami, aliyotupikia Mama tulipovuka ziwa na kufika Ujiji, wakati wa maasi. Nilikuwa mtoto wa miaka saba lakini ladha yake bado iko kwenye ulimi. Naomba unisaidie jambo moja: lile jivu la kuchemshia maganda ya ndizi, lilikuwa la mgomba au la maganda ya maharagwe? Wewe ndiye uliyekuwa jikoni naye.

Mdogo wako,
Israël


Ujiji, 25 Agosti 2013

Mdogo wangu Israël,

Barua yako imefika ikinuka dizeli ya meli, na nimeisoma. Huku ni kavu, vumbi limeingia hadi ndani ya Biblia. Yule jirani mwembamba, fundi baiskeli, amezikwa Jumanne. Wanafunzi wangu wa zamani bado wananiamkia barabarani kama wamechelewa kipindi. Mmoja sasa ni diwani, na bado anaficha mkono wa kushoto ninapopita. Mguu wangu unavimba jioni. Kanisa tumepaka chokaa.

Kuhusu huyo kijana, naomba unipe majina. Nataka kujua nyanya yake ni nani, na babu yake. Tena uniulizie: walipokimbia mwaka ule, walikaa wapi?

Uandishi wako ni mzuri. Umeniuliza juu ya jivu. Sikumbuki.

Andika habari za migebuka. Samaki ana mengi ya kusema na hamuudhi mtu. Mama alikuwa akituambia ya chunguni hayatoki kibarazani. Sijui kama hilo unalikumbuka, au ulikumbuka mapishi tu.

Mwambie Grâce asikate nywele zake fupi kabla ya picha.

Dada yako,
Marcelline


Durban, 10 Novemba 2013

Yaya,

Salamu zangu zikukute umekaa na mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Huku mvua zimeanza na embe zimeingia sokoni, zile za nyuzinyuzi zinazobaki kwenye meno mpaka Jumapili. Mimi mzima. Grâce amenenepa kidogo na ananuna nikimwambia.

Nianze na ninayojivunia. Ulisema hukumbuki jivu, na nilishangaa, maana wewe unakumbuka hata rangi ya ndoo tuliyovuka nayo. Basi nilitegemea kumbukumbu yangu, nikaandika jivu la mgomba. Ukurasa umetoka. Nakunakilia kipande, kwa sababu Anicet amelowanisha nakala zote isipokuwa moja:

"Huchukuliwa maganda ya ndizi mbichi, yangali na unyevu wa kisu. Huchemshwa kwa maji ya jivu mpaka weusi utoke, hutwangwa, kisha hurudishwa chunguni na chumvi na mawese mazito. Mama yangu aliiita mboga ya mwami. Alisema mwami mmoja, mfalme wa zamani wa kwetu, akikimbia maadui, alijificha kwa msichana katika shamba la migomba. Harufu ya ndizi zinazochomwa ingemsaliti, kwa hiyo msichana akazificha ndizi na kumpikia maganda. Mwami alipokirudia kiti chake, akaagiza mboga hiyo iwe ya nyumba yake tu, iliwe mlango umefungwa, na aliyeila asiseme. Nasi tuliila hivyo hivyo, ugenini, mlango umefungwa, watoto wawili na mama yao, kama watu wa nyumba ya mwami."

Yaya, ungesikia maneno ya watu. Padri aliitaja katika mahubiri. Médiatrice, yule Mrundi mwenyekiti wa akina mama, mpishi wa harusi zote za parokia, aliijaribu nyumbani kwake. Akaongeza karanga na tui la nazi, akaniletea kwenye bakuli la plastiki. "Mzee, iko sawa kabisa," alisema. "Mume wangu amekula, hakuuliza ni nini. Kwa yule mwanaume hiyo ni sifa."

Sasa la pili. Wazee wa Pacifique walikuja mwezi wa tisa, nasi tumekwenda kwao Queensburgh kuitikia. Uliomba majina. Babu alikwisha kufariki. Nyanya yake anaitwa Sikujua. Ni mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, hasemi sana lakini nyumba nzima inanyamaza akikohoa. Mwaka ule wa maasi walikimbilia huko huko Ujiji. Nilifurahi, nikasema dunia ni kijiji. Pacifique alikuwa amemsomea ukurasa wangu kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusifu, hakukosoa. Tukaletewa chakula. Katikati ya kula akaniuliza swali la ajabu:

"Na wale mbuzi wenu, walikua?"

Nikamwambia, "Mbuzi gani, Nyanya? Sisi hatukuwahi kuwa na mbuzi Ujiji. Hata kuku hatukuwa naye."

Aliweka kijiko chini. Akasema, "Basi nimechanganya nyumba." Watu wakabadilisha mazungumzo. Uzee ni hivyo, mtu huanza kuchunga mifugo ya majirani kichwani mwake.

Harusi itakuwa tarehe 26 Aprili, Jumamosi baada ya Pasaka. Médiatrice ameshasema mboga ya mwami itatangulia vyakula vyote, na itapakuliwa kwanza kwenye meza ya wazazi, kwa heshima yako. Nimekubali kwa moyo wote. Anza mapema kushughulikia pasipoti. Anicet atakuongoza njia nzima.

Mdogo wako,
Israël


Durban, 12 Januari 2014

Yaya,

Heri ya mwaka mpya, ingawa naisema kwa mtu aliyenyamaza. Joto la huku ni la kupikia mkate bila jiko, na moshi wa viwanda vya Jacobs unakaa juu yetu kama kifuniko. Watu wanauza lichi kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, mifuko kwa mifuko. Nilitaka kuziandika lakini kalamu imekuwa nzito.

Anicet amerudi mikono mitupu. Anasema alikukuta mlangoni, ukampa chai, ukamwuliza hali za barabara, na alipoulizia barua ukamwambia hujapata nafasi. Yaya, wewe umestaafu.

Grâce anasema umemwuliza jambo moja tu kwenye simu: siku ile Queensburgh, nyanya wa Pacifique alirudi kukishika kijiko au hakurudi. Mtoto hakujua la kujibu, alikuwa jikoni na wanawake. Mimi nilikuwapo. Hakurudi kukishika.

Kama nimekosea, nieleze nilipokosea. Nimekaa katika nchi za watu tangu mwaka tisini na sita, nimezoea kukosea bila kuambiwa, lakini si kwako.

Israël


Ujiji, 16 Februari 2014

Israël,

Hujambo. Mimi sijambo. Mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kifuani, na pasipoti nimeipata, imelala kwenye droo. Habari nyingine za nyumbani sina.

Hatukuwa na mbuzi. Hilo umelisema kweli, na umelisema mahali pasipofaa.

Mwaka ule Baba alibaki ng'ambo na hakuja tena. Mama alikuwa akifulia watu nguo. Kiangazi kilipokolea, ziwa likarudi nyuma, pesa zikaadimika, wanawake wakafua wenyewe, na Mama akakosa kazi. Nyuma ya chumba chetu palikuwa na mama mmoja aliyewapikia wapagazi wa bandarini. Alipika ndizi, sufuria mbili kubwa, kila siku. Maganda yalirundikwa uani kwake. Mama alinipa kikapu akanituma. Akaniambia, "Ukiulizwa, sema ni ya mbuzi."

Pale uani palikuwa na binti yake, wa rika langu, anamenya. Aliniuliza kila siku, "Mbuzi wenu hawajambo?" Nikajibu hawajambo. "Wanakula vizuri?" Nikajibu wanakula. Yalipozidi maswali niliwapa wale mbuzi majina, nikasema mmoja ana kikohozi. Nilijifunza kusema uongo pale, na niliusema vizuri, kama nilivyosema masomo yangu yote. Binti yule aliitwa Sikujua.

Mlango ulifungwa kwa sababu ya harufu. Maganda yakichemka kwenye jivu yana harufu isiyofanana na kitu kingine, na mtaa ule wote ulikuwa unaijua. Mama alikuwa akiziba hata upenyo wa chini kwa kanga.

Siku ya kwanza ulikataa kula. Ulisukuma bakuli ukasema hiki ni chakula cha mbuzi. Ulikuwa mtoto, sikulaumu. Mama aliinuka, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa, akasimama pale mgongo ametugeuzia. Aliporudi kuketi, alirudi na mwami. Mwami, na msichana, na shamba la migomba, vyote alivipata katika ile hatua ya kutoka mlangoni hadi mkekani. Na neno la mwisho, kwamba aliyeila hasemi, alilisema huku akinitazama mimi. Wewe ulikula, ukaomba uongezewe.

Mama amekufa hajasema. Mimi nimefundisha katika mji huu huu maisha yangu yote, na hata marehemu mume wangu sikumwambia. Wewe umeichapisha, ikatajwa hadi kanisani. Na ukatia mawese. Mawese uliyatoa wapi, Israël? Tungekuwa na mawese tungeyauza tununue unga.

Siyo njaa ninayoionea haya. Njaa ilikuwa ya watu wengi. Ninachoona haya ni kwamba nilisimama mbele ya mtu kila siku nikamdanganya naye akijua, na sasa wewe umemwambia mbele ya wakwe kwamba mbuzi hawakuwapo.

Niambie nitaingiaje kwenye harusi ile. Nitaketi kiti cha mama wa bibi harusi, nitaletewa sahani hiyo, Sikujua akiwa mbele yangu. Chakula cha wakwe hakikataliwi. Nitakila, na mwanangu atatabasamu akidhani naheshimiwa. Afadhali niugue. Nimeshaanza kumwambia Grâce kwamba mguu unanisumbua.

Usimwambie kitu.

Marcelline


Durban, 16 Machi 2014

Yaya Marcelline,

Naanza na salamu kwa sababu sijui nianze na nini kingine. Watu wote wa nyumba hii ni wazima. Joto limepungua.

Barua yako niliisomea kazini, nikaacha lori mbili zikipiga honi getini. Jioni niliutoa ukurasa wangu nikausoma tena. Kila kitu kilikuwapo. Maganda, ugenini, mama na watoto wawili, mlango umefungwa, aliyeila asiseme. Niliandika yote kwa mkono wangu, kwa mpangilio mzuri, nikaweka hadi vituo mahali pake, na sikuona nilichoandika. Mtu aliyesoma vitabu vingi kama mimi angemcheka mhusika wa namna hiyo. Nakuomba radhi. Ya Mama sijui nitaiombea wapi.

Nilikwenda kwanza kwa Médiatrice kuiondoa ile mboga kwenye harusi. Njiani nikagundua kwamba siwezi kutoa sababu. Sababu ya kweli ingekuwa kuichapisha mara ya pili. Basi nikasema ndizi za Durban si za aina ile, hazifai. Alisimama kiuno ameshika. "Eish, mzee. Mwezi wa tisa zilikuwa ndizi za kifalme, leo zimekosa ukoo? Au ni pishi langu ndilo limekosa ukoo?" Akina mama wengine wakacheka. Nikasema kosa ni langu, nilikosea mapishi, na kwamba mboga ile ikipikwa isivyo huleta tumbo. Hilo la tumbo liliwatisha. Sasa parokia nzima inajua mzee wa "Chungu na Msimu" nusura aharishe harusi. Wananiuliza barabarani leo napendekeza sumu gani. Nimewaacha wacheke. Naona ni haki.

Kisha nikaenda Queensburgh peke yangu. Niliteremka kwenye taxi mbali kidogo ili nitembee nikipanga maneno. Nyanya Sikujua alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya madumbe, yale magimbi ya huku, ni msimu wake. Alinikaribisha kwenye kigoda. Aliniuliza habari za goti. Ganda lilikuwa likitoka kwenye kisu chake jembamba mno, ungeweza kusomea gazeti nyuma yake.

Nikamwambia, "Nyanya, siku ile uliniuliza habari za mbuzi. Nilikosea kujibu. Tulikuwa nao. Mimi nilikuwa mdogo, dada yangu ndiye aliyewatunza."

Hakuinua macho. Akamaliza dumbe moja, akalitia majini.

"Walikua?"

"Walikua, Nyanya."

"Na yule mwenye kikohozi?"

Nikasema, "Alipona."

"Vizuri," alisema, akachukua dumbe jingine.

Nilipotaka kuaga nikamsifu, kwa kutafuta neno la kutokea tu, nikasema sijapata kuona mtu anayemenya nyembamba vile. Akacheka kidogo kwa pua. Akasema ningemkuta na ndizi ningesema hajui kushika kisu. Ndizi alifundishwa kumenya nene. Siku alizojisahau akamenya nyembamba, mama yake alimgonga mkono kwa mwiko, akamwambia, "Menya nene. Wale mbuzi wa jirani hawana meno, waachie nyama kidogo." Na kila jioni alimtuma aulize kama wanakula vizuri, ili ajue kama kesho azidishe.

Baada ya hapo akanisindikiza mpaka getini.

Nimeona nikuandikie hilo, ingawa sijui kama nimekuletea dawa au nimekutonesha. Ukurasa wangu wa msimu huu ni wa madumbe, mistari michache, namna ya kuyachemsha na chumvi. Hadithi sikuweka.

Sahani haipo tena mezani. Njoo, Yaya.

Israël


Imeandikwa Ujiji, 12 Aprili 2014

Mdogo wangu,

Barua hii hutaletewa na Anicet. Nitakukabidhi mwenyewe nikifika, uisomee jikoni kwako, mimi nikiwa nimekaa na Grâce sebuleni. Ukimaliza usije kunisemesha. Endelea kupika. Nimeiandika ili nisilazimike kuisema.

Nyumba nimeifunga, funguo ziko kwa katekista. Nimekuletea mawese chupa mbili na dagaa, usimgawie kila mtu kabla sijapumzika.

Ulidhani habari ya Sikujua ni mpya kwangu. Nilijua yalikuwa manene. Mkono unajua uzito. Nilishaokota uani kwa watu wengine, maganda yao yalikuwa kama karatasi. Ya nyumba ile yalikuwa na ndizi yake ndani, na nilipoyamwaga mbele ya Mama tulitazamana, hakuna aliyesema. Nilijua kwamba wanajua. Ndiyo maana nilikuwa nikichukua na kuondoka mbio. Kuchekwa, mtu huzoea. Lakini kumshukuru mtu kwa maganda manene ni kukiri kwamba mbuzi hawapo, na mimi nilikuwa nimetumwa kusema wapo. Kwa hiyo sikushukuru. Mama yake alipokufa nilikuwa mwalimu tayari, nilisikia kengele ya msiba, na sikwenda kumzika. Niliogopa watu wasije wakaniuliza nilimfahamuje.

Umefanya vizuri kusema walikua. Ulisema uongo vizuri kuliko unavyoandika ukweli. Usiudhike.

Sasa sikiliza, maana hili nataka lifanyike. Mwambie Médiatrice anitafutie ndizi mbichi, za ukoo wowote ule. Mwambie zipikwe na nyama, na mawese niliyokuja nayo, na mlango uwe wazi. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nitakaa na Sikujua tumenye. Usinitambulishe kwake. Usituletee viti vya wageni. Tuletee vigoda na visu, kisha wewe uondoke, na kalamu yako uondoke nayo.

Sitamwambia neno, labda aulize mwenyewe. Atamenya anavyomenya nami nitamenya ninavyomenya. Tukimaliza, maganda yote yatupwe. Asiyabebe msichana wala mpishi. Nitayatia kikapuni mimi mwenyewe, niyapeleke hadi kwenye pipa, na mguu huu, polepole, halafu nirudi na kikapu kitupu, Sikujua akinitazama.

Dada yako,
Marcelline